Nani Alitundika Kitambaa?

Mimi ni mwoga, na bora niseme mapema. Watu wa mtaa wetu hunidhania jasiri kwa sababu nina mdomo mkubwa, lakini mdomo na moyo havikuzaliwa siku moja. Ninashona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, ndiyo maana wananiita Mama Sindano, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiongoza kikundi cha majirani wanaowasaidia wazee wa mitaa yetu mitatu wabaki katika nyumba zao wenyewe. Tuko kumi na mmoja. Wazee ni kumi na tisa. Tunawabadilishia balbu, tunawafuatia dawa, tunawasindikiza kliniki, na mume wangu, ambaye ni seremala, huwafungia vyuma vya kushikilia bafuni. Hakuna anayelipwa. Ukitaka malipo utapewa hadithi za ujana wa mtu, tena utazisikia mara nne.

Kitambaa kilizaliwa na woga wangu. Nilikuwa naogopa jambo moja tu, kwamba siku moja mzee ataanguka ndani, na sisi tutapita mlangoni pake tukiulizana habari za asubuhi. Basi nikashona vitambaa kumi na tisa vya njano, kila kimoja na kitanzi chake. Sheria ilikuwa nyepesi. Mzee akiamka, anatundika kitambaa kwenye kitasa cha nje. Jioni anakiingiza ndani. Mwenzetu anayesimamia njia hiyo akipita asubuhi akakuta mlango mtupu, anabisha. Asipojibiwa, anakuja kwangu kuchukua ufunguo, maana nilikuwa na nakala za funguo zote, kila mmoja nimeufunga uzi wa rangi yake. Hakuna kumgongea mtu alfajiri, hakuna kumuuliza mtu mzima kama amekojoa. Wazee walikipenda kitambaa. Mimi nilikipenda zaidi. Nilikisifu kila kikao, mpaka mume wangu akaniambia ipo siku nitaolewa nacho.

Mzee aliyenipa kazi kuliko wote alikuwa Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na nane, na nusu ya watu wazima wa mtaa wetu bado wakikutana naye huficha mikono nyuma. Ana miaka themanini na moja, magoti mabovu na ulimi mzima. Anaishi peke yake chini kabisa katika jengo la ghorofa tatu, mwisho wa korido, tangu mkewe alipofariki. Mume wangu alipokwenda kumfungia chuma bafuni, alifukuzwa. "Choo changu si basi," Mwalimu alimwambia, "sihitaji pa kushikilia."

Mwaka jana binti yake alikuja kumchukua. Binti huyu anafundisha watu kuendesha gari katika mji mwingine, mwendo wa saa sita, na ana sauti ya mtu aliyezoea kukanyaga breki za wenzake. Tulikaa sebuleni kwa Mwalimu, mizigo yake ikiwa imeshafungwa. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amenyamaza, na kumwona Mwalimu amenyamaza kuliniuma.

"Kule nitapewa chumba chenye televisheni na kuambiwa nikae," alisema mwishowe. "Mimi sijamaliza kutembea."

Nikaingilia. Nilimweleza binti yake habari za kikundi, funguo, kliniki, na hasa kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Sawa, dada. Namwacha kwa dhamana yako. Lakini siku jambo litakapompata baba na nyinyi msijue, siku hiyo hiyo namchukua. Sitamuuliza yeye wala wewe."

Nikampa mkono. Mwalimu akaanza kufungua mizigo kabla hata binti hajafika barabarani.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe. Jumanne jioni binti alinipigia simu. Alisema tangu jana simu ya baba yake inaita tu, haipokelewi.

"Humjui baba yako?" nikamwambia nikicheka. "Simu huiacha chumbani chini ya mto. Anasema ikilia inamharibia usomaji."

"Lakini siku mbili, dada?"

"Kitambaa chake kilikuwa nje asubuhi ya leo. Na jana pia. Nimeambiwa na mtu wa zamu."

"Una uhakika?"

"Kama nilivyo na uhakika wa jina langu."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Haya, dada. Basi leo nitalala."

Alilala. Nami nililala, tena usingizi wa pono, na hilo sijajisamehe mpaka leo.

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa kwenye cherehani. Akaingia Upesi. Huyu ni mwenzetu wa kikundi, mwanamke anayefanya kazi kwenye duka la mikate, na jina la Upesi tulimpa kwa sababu hata chai huinywa amesimama. Ana moyo wa dhahabu. Njia ya Mwalimu ni yake, kwa kuwa huipitia kila alfajiri akienda kazini na kila jioni akirudi. Alikuwa ameleta aproni yake, mfuko umechanika.

"Hivi Mwalimu amenuna?" aliniuliza huku akivua viatu. "Siku hizi hata kunitania hanitanii."

"Umemkosea nini?"

"Wala sijui. Zamani nikipita lazima anitupie neno kutoka ndani. 'Leo umechelewa dakika mbili, simama pembeni.' Sasa kimya."

Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani. "Tangu lini?"

"Tangu… Jumapili alinitania. Jumatatu sikumsikia."

"Lakini kitambaa ametundika."

Upesi akatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kusifiwa. "Kitambaa natundika mimi, shoga. Yale magoti yake! Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari. Nilimwambia, usijisumbue, kitambaa kikae hapa nje ndani ya kisanduku cha mita ya umeme. Asubuhi nikipita natundika, jioni nikirudi nakitoa. Mwezi wa pili huu."

Cherehani ilisimama. Nadhani niliisimamisha mimi, lakini sikumbuki.

"Upesi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "kitambaa ni cha kutuonyesha kwamba Mwalimu ameamka."

"Najua."

"Ukikitundika wewe, kinaonyesha nani ameamka?"

Alinitazama. Nikaona jambo lile likimwingia polepole, kutoka machoni kushuka mpaka mikononi. Aproni ilimdondoka. Kwa miezi miwili tulikuwa tunahakikisha kila asubuhi, kwa utaratibu mzuri kabisa, kwamba Upesi ni mzima.

Wanasema wema hauozi. Huu wetu ulikuwa umeanza kunuka.

Nilivuta ufunguo wenye uzi wa kijani nikatoka mbio na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilimpigia mume wangu nikikimbia, nikamwambia aje kwa Mwalimu na vifaa vyake, asiulize kitu. Kisha nikampigia kinyozi, ambaye ni msaidizi wangu katika kikundi. Alikuwa na mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Mwache hivyo hivyo," nikamwambia. "Piteni milango yote kumi na minane. Msiangalie vitambaa. Nataka sauti. Kila mzee aseme neno, hata kama ni tusi."

"Kuna nini?"

"Nenda tu, kaka. Nenda!"

Kutoka kwangu mpaka kwa Mwalimu ni dakika saba. Siku ile sijui zilikuwa ngapi. Kichwa hakikunipa nafasi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nilihesabu, nikarudia kuhesabu kana kwamba hesabu ingepungua. Nilimwona Mwalimu kitandani. Nilimwona sakafuni. Nilimwona kwa namna ambazo sitaziandika. Na nyuma ya picha zote hizo nilisikia sauti ya binti yake: basi leo nitalala. Upesi alikuwa nyuma yangu, safari hii taratibu, akilia kwa kwikwi.

Korido ilikuwa na giza kidogo na harufu ya rangi mpya, maana ghorofa ya kwanza mafundi walikuwa wanatengeneza nyumba ya mtu. Nyundo zao zilisikika juu. Kitambaa cha njano kilikuwa kwenye kitasa, kimenyooka, safi, kimetundikwa vizuri kama ninavyopenda mimi. Nilitamani kukichoma moto.

Nikabisha. "Shikamoo, Mwalimu!"

Kimya. Nyie hamjui maana ya kimya hicho. Mwalimu anaweza kukukasirikia mwaka mzima, asikupe hata glasi ya maji, lakini marahaba haijawahi kumshinda. Kwake, kuacha salamu bila jibu ni sawa na kuacha hesabu bila jawabu.

"Shikamoo, Mwalimu!" Sasa nilikuwa napiga kelele.

Nikaingiza ufunguo. Uliingia nusu ukagoma. Nikausukuma, nikauzungusha, nikautukana. Ndipo nikaelewa kwamba ufunguo wake mwenyewe ulikuwa tunduni upande wa ndani. Miaka miwili nina funguo kumi na tisa zenye nyuzi za rangi, na sikuwahi kuwaza kwamba mzee akifunga akaacha wake tunduni, wangu ni chuma tu. Nikakaa chini palepale koridoni.

Na kwa kuwa nilikaa chini, sikio langu likawa karibu na sakafu. Juu mafundi walikuwa wamepumzika. Nikasikia tap. Halafu tena, tap. Hafifu, kama mtu anayepiga kofi akiwa usingizini.

"Umesikia?" nikamshika Upesi mkono.

Upesi alikuwa ameziba mdomo. Macho yalikuwa yamemtoka. "Nilisikia jana," alisema. "Mungu wangu. Jana asubuhi nilisikia, nikadhani ni mafundi wa juu wameanza mapema."

Ningemjibu ningempiga. Niliweka mdomo chini ya mlango nikaita, "Mwalimu, tuko hapa! Usilale! Mume wangu anakuja!" Nikaendelea kuita maneno hayohayo mpaka mume wangu alipofika na patasi na nyundo. Mwanamume yule huchukua wiki mbili kutengeneza stuli, lakini mlango ule aliung'oa kitasa kwa mapigo manne.

Mwalimu alikuwa amelala ubavu kwenye ukumbi mdogo, kati ya bafu na chumba, amevaa shuka kiunoni na fulana. Mkono mmoja alikuwa ameulalia. Mwingine ulishika kandambili, na ndiyo aliyokuwa akigongea sakafu. Midomo ilikuwa imepasuka. Harufu nayo ilikuwepo, siwezi kudanganya. Aligeuza macho akatutazama mmoja mmoja.

"Marahaba," alisema. Ilitoka kama karatasi inayochanwa.

Nilipiga magoti nikalia kwa furaha na hofu vikiwa vimechanganyika, hata sikujua kipi ni kipi. Mume wangu aliita gari la wagonjwa. Nililowesha kitambaa cha jikoni nikawa namdondoshea maji mdomoni tone kwa tone, na Upesi alimfunika kwa blanketi huku akirudia, "Nisamehe, baba, nisamehe, baba."

"Ni wewe unayeimba alfajiri?" Mwalimu akamuuliza.

"Ndiyo, baba."

"Unaimba vibaya." Akapumzika. "Jumatatu nilikuita. Sauti ilikuwapo, lakini ulikuwa umeshapita. Jana nikakungoja. Nikasikia viatu, nikasikia mita ikifunguliwa. Nikagonga. Ukatundika, ukaenda. Jioni ukakitoa, ukaenda. Leo pia." Akafumba macho. "Na simu ilikuwa inalia chumbani."

Upesi alikimbilia koridoni. Tulimsikia akitapika.

Niliendelea kudondosha maji. Nilijaribu kuwaza jinsi ilivyokuwa, kusikia hatua za mtu wako wa msaada zikija, zikisimama hatua nne kutoka ulipo, kisha zikiondoka baada ya kuutangazia mtaa mzima kwamba hujambo. Nilishindwa kuwaza mpaka mwisho.

"Mama Sindano," Mwalimu aliita. "Leo siku gani?"

"Jumatano."

Alifikiri. Hata pale sakafuni aliweza kupiga hesabu. "Binti yangu akikuuliza, mwambie nimeanguka leo asubuhi. Leo asubuhi, mkanikuta. Umenielewa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Lazima niseme kwamba sikukubali kwa ajili yake peke yake. Nilikubali haraka mno.

Kinyozi alipiga simu gari la wagonjwa lilipokuwa linafunga milango. Wazee wote kumi na wanane wamesema neno, akasema, na wawili wamemtukana. Halafu akashusha sauti. Vitambaa vinne kati ya vyao vilikuwa vinatundikwa na watu wetu. Bibi mmoja ni mfupi, kitasa kiko juu. Babu mwingine hupenda kulala mpaka saa tatu, mwenzetu akaona asimsumbue. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyejiongeza.

Hospitali walimtundikia maji. Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kiganja, nyonga ilikuwa salama. Daktari, kijana mwenye miwani, alimuuliza ameanguka lini. "Leo asubuhi," Mwalimu akajibu. Daktari akaitazama midomo yake, akaitazama ngozi ya ubavu wake iliyoanza kuchubuka, kisha akanitazama mimi. Nikatazama dirishani.

Binti, aliyepigiwa simu na hospitali, alifika saa kumi na moja jioni, bado amevaa fulana ya chuo chake cha udereva. Alimshika baba yake mashavu, akamkagua, akamgombeza, akambusu paji la uso. "Baba, ulianguka lini?"

"Leo asubuhi. Nilikuwa natoka bafuni. Hata sijapoa, hawa wakaja na kung'oa mlango wangu. Mwambie seremala atautengeneza."

Binti aligeuka akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, nikahisi moyo wake unavyodunda. "Dada, mimi nilikuwa nakutilia shaka," aliniambia sikioni. "Jana usiku nilimwambia mume wangu, yule mama ananituliza tu. Kumbe wewe ni mtu wa kweli. Nisamehe."

Nyuma ya bega lake Mwalimu alikuwa ananitazama, na yale macho, ambayo mtaa mzima unayaogopa, yalikuwa yananiomba.

Ningenyamaza. Nawaambieni kweli, ningenyamaza mpaka kaburini. Mzee angerudi nyumbani kwake, Upesi angeponyoka, kikundi kingesimama, na binti mwenyewe angekuwa na amani. Nani alikuwa anaumia?

Kisha binti akaniachia akafuta macho. "Nina ombi," alisema. "Mama mkwe wangu anaishi peke yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Na kuna wazee wengine pale, kama ishirini hivi, hawana mtu. Nishonee vitambaa, dada. Nitawakusanya majirani wiki ijayo. Nitawaambia kimemwokoa baba yangu."

Nikaona milango ishirini nisiyoijua, na nyuma ya mmojawapo mtu amelala ubavu, anasikiliza hatua za jirani mwema. Hofu ya asubuhi ilinirudia yote, ikaizidi ile ya kusema.

"Hakikumwokoa," nikasema. "Baba yako alianguka Jumatatu."

Binti hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza habari za Upesi na mita ya umeme, kandambili, mafundi, na simu iliyokuwa inalia chumbani wakati mimi namwambia nina uhakika. Sikumtaja Upesi kama mkosaji. Nilisema ni sheria yangu, nimeitunga mimi, na sikuwahi kuuliza nani anatundika. Nilisema haraka, kama mtu anayebomoa mshono kabla hajabadili mawazo.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alimfunika baba yake shuka vizuri, kisha akasema taratibu, "Kesho kutwa wakimruhusu, tunaondoka naye."

"Baba yako ana akili zake timamu," nilianza. "Tunaweza kubadilisha utaratibu, tunaweza kubisha kila—"

"Dada. Ulinipa mkono."

Ni kweli nilimpa.

Mwalimu alikuwa amegeuzia uso ukutani. Nilimsogelea, nikainama, nikamwita. Nilitaka kumwambia kuhusu ile mitaa mingine na wale wazee ishirini, nikidhani mtu wa hesabu angeona kwamba ishirini ni wengi kuliko mmoja. Kabla sijafungua mdomo alinyoosha mkono mzima akanishika kidole, vidole vyake vikiwa vikavu na vya moto.

"Nimelala chini siku mbili, Mama Sindano, sikulia," alisema bila kugeuka. "Nakuomba utoke, mwanangu. Nataka kulia sasa, na wewe usinione."

Nikatoka.